Vumbi la Wazo Lililokwenda Dubai Kuzeesha Kamera

Mnapopita hapa Kimbiji na mabegi yenu mgongoni, mkielekea ufukweni kupiga picha za maharusi, huwa mnasimama barazani kwangu kuomba maji ya kunywa. Mnanipa shikamoo, jambo linalonipendeza. Kisha, kabla bilauri haijafika mdomoni, mnaanza kulalamika, jambo lisilonipendeza hata kidogo. Lalamiko lenyewe halibadiliki. "Mzee, kamera hii Dubai ni rahisi, huku ni bei ya kiwanja. Wale wenye maduka wezi!" Nimelisikia mara nyingi kiasi cha kuamua kuwajibu kwa maandishi, ili siku nyingine mnywe maji yenu kwa utulivu.

Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa wakala wa forodha. Mtu akileta mzigo kutoka nje, mimi ndiye niliyejaza tamko la kueleza ni kitu gani na kina thamani gani, nikalipia ushuru kwa niaba yake, nikautoa ghalani. Nilianza kazi nikiwa na nywele zote na sikuiacha nikiwa mzee. Hili la pili huwa mnalitaja kwa husuda, mkisema nimestaafu ningali na nguvu zangu. Subirini. Tutafika huko.

Kwanza sikilizeni hesabu, kwa kuwa kijana anayemwita mwenzake mwizi bila kujua hesabu amefanya kosa mara mbili. Bei mnayoiona kwenye simu zenu ni ya kamera iliyo rafuni Dubai. Forodha haiitazami hiyo peke yake. Huijumlisha na gharama ya kuisafirisha na bima yake, na ushuru ukakokotolewa juu ya jumla hiyo. Kisha kodi ya ongezeko la thamani hukokotolewa juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru wenyewe, maana kila ngazi hupimwa kuanzia juu ya ngazi iliyotangulia, wala si kuanzia chini. Hapo bado ghala halijadai siku zake, na wakala hajadai jasho lake. Mwenye duka huweka faida yake juu ya vyote, kwa sababu vyote amekwisha kuvilipia. Anaweza kuwa na tamaa, sikatai, lakini tamaa yake ndiyo tabaka jembamba kuliko yote katika keki hiyo.

Tena kamera haiji peke yake. Mwili wa kamera una mstari wake katika kitabu cha ushuru, lenzi ina wake, mkoba una wake, betri ina wake. Aliyenifundisha kuisoma mistari hiyo ni marehemu mzee Kihongosi, wakala wa zamani aliyekuwa na ofisi ya chumba kimoja na kiti kimoja, na kiti hicho kilikuwa chake. Mwaka wangu wa kwanza aliniachia mzigo wa stendi za kamera, zile za miguu mitatu. Nilitafakari, nikaona kitu chenye miguu, kinachosimama sakafuni, nikakiandika chini ya samani. Kihongosi aliisoma karatasi yangu, akaivua miwani, akaitandaza stendi moja katikati ya ofisi.

"Kaa," akaniambia.

"Mzee, hapa hapakaliki."

"Kaa, wewe si umeandika samani?"

Nilijaribu kukaa. Sitawaeleza zaidi ya hapo. Nilipoinuka alinipa kalamu na kusema kuwa tangu siku ile, kabla sijaandika kitu ni nini, nikiinue, nikinuse, nijiulize kinafanya kazi gani, kisha niandike kilivyo na si ninavyokitaka kiwe. Alinifundisha pia kutochana karatasi yoyote ya mteja, hata ile inayoniaibisha. Mafunzo hayo mawili niliyashika kwa miaka mingi. La kwanza nililivunja mara moja tu, na mara hiyo ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Bi Shamsa alikuwa na studio ya picha Temeke, aliyoachiwa na baba yake. Familia yao ina asili ya Uarabuni na imefanya biashara mtaa ule tangu babu zao. Lakini watu walikuwa wameacha kupiga picha za pasipoti studio, na kaka zake wawili walikuwa wamemwekea mpaka: mfungo mosi ukipita bila studio kujilisha, chumba kile kitakuwa duka la vipodozi. Mfungo mosi, kwa msiojua, ni mwezi unaofuata Ramadhani, na katika mwezi huo nusu ya Temeke huoa na nusu nyingine huolewa. Bi Shamsa akaagiza kamera nne za kisasa kutoka Dubai, mpya kabisa, azitumie kwenye harusi na kuzikodisha siku nyingine. Alikuwa amekwisha kupata kazi ya kwanza: harusi kubwa ya Sinza, Jumamosi ya kwanza ya mwezi huo, ambayo familia ya bibi harusi iliikubali kwa sharti la kamera nne mpya. Studio nzima, na kumbukumbu ya baba yake, vilining'inia kwenye Jumamosi hiyo.

Nilimpelekea makadirio ya ushuru na kodi. Aliyasoma, akayageuza, akatazama nyuma ya karatasi.

"Baba Neema, hii kodi ya kamera nne au nane?"

"Nne, Bi Shamsa."

"Basi zile nne nyingine kachukua nani?"

Kisha akalia. Nami, vijana wangu, mtu niliyekuwa nikiwahubiria mawakala wenzangu kila Ijumaa juu ya ukweli, niliona machozi yale nikatoa sauti ya mwalimu na kusema: "Kama zingekuwa zimetumika, thamani ingeshuka, na ushuru ungeshuka nayo."

Bi Shamsa akajifuta macho. "Zitumike, kwani kazi?"

Binamu yake, Nassor, ndiye aliyezinunua kule Dubai na alikuwa bado nazo. Alikuwa mhasibu, mtu makini kupita kiasi, na tulipompa kazi ya kuzizeesha aliichukua kama anavyochukua vitabu vya kampuni. Kesho yake nilipokea ujumbe wake wa sauti.

"Shikamoo, Baba Neema. Mie nimehangaika. Huku hakuna vumbi. Madirisha ya nyumba hayafunguki. Nimeshuka chini kutafuta uchafu, mlinzi kaniuliza nimepoteza nini."

Nikamjibu kuwa nchi ile, kwa habari nilizonazo, imejaa mchanga.

"Mchanga upo, lakini utasaga lenzi. Mie nataka uzee, sitaki kifo."

Wakati huo nilikuwa nikiishi Wazo, kando ya barabara wanayopita malori ya saruji, na madirisha yangu yalikuwa na kila alichokikosa Nassor: vumbi jembamba, la kijivu, linaloshika kama uzee wenyewe. Nilichukua gazeti na brashi ya rangi nikaanza kulikusanya. Mke wangu alisimama mlangoni kwa muda, mikono kiunoni.

"Mwaka wa tisa huu nakuomba ufute hayo madirisha," akasema, "leo unafuta kwa ajili ya Dubai."

Mama mdogo wa Bi Shamsa alikuwa akisafiri kwenda huko wiki ile. Tulimpa vumbi katika kopo la maziwa ya unga, na kopo hilo, kama ambavyo mtu mwenye akili timamu angetabiri na mimi sikutabiri, lilimzuia uwanja wa ndege wa huko kwa saa tatu. Walilipima kwa mashine, wakalipima kwa maji, wakamletea majibu kwa heshima kubwa: ni saruji, kiasi cha vijiko vinane. Walitaka tu kujua anakwenda kujenga nini. Bibi yule, ambaye hajawahi kusema uongo mrefu, aliwajibu kuwa mwanawe ana tundu dogo ukutani. Wakamwachia.

Basi nchi yetu ikawa imesafirisha vumbi nje ili kupunguza ushuru wa bidhaa inayoingia ndani. Nilipaswa kuacha hapo. Nilijiambia kuwa tumekwisha kutaabika mno kiasi cha kutoweza kuacha, na hilo, zingatieni, ndilo wazo linalomfanya mpumbavu amalize alichoanza.

Nassor alifanya kazi kwa siku sita. Mikanda ya kamera aliichemsha kwenye chai ya rangi. Maandishi aliyasugua kwa ile sufu ya chuma ya kuoshea masufuria. Ndani hakugusa, kila lenzi aliifunga kwa plastiki kabla ya kuanza. Na kwa kuwa aliona kamera nne zenye uzee wa kufanana zingetia shaka, aliitungia kila moja historia yake na kunitumia. Ya kwanza ilinyeshewa mvua kwenye mahafali Tanga. Ya pili ilikuwa ya mtu mvuta sigara. "Ya tatu," akasema kwa uchovu, "nimeiangusha ngazini mara mbili, haitaki kuzeeka. Ina moyo wa ujana." Ya nne ilikuwa imeishi na mwandishi wa habari wa mkoani, na Nassor alionekana kuihurumia.

Niliandika tamko: kamera nne, zilizotumika kwa miaka minne, thamani ndogo. Nikatia saini. Sikusita hata kidogo, na mpaka leo hilo linanisumbua kuliko saini yenyewe.

Mzigo ulifika Jumatano. Aliyeukagua ghalani alikuwa Afisa Anastazia, mama mmoja wa bara, mpole, aliyezungumza taratibu kama anayewasomea watoto. Alifungua kasha la kwanza, vumbi la madirisha yangu likapanda, akapiga chafya tatu. Akaitoa kamera. Akaigeuza. Akaitazama ile ya pili, ya tatu, na ya nne akaishika kwa mikono miwili kama ndege aliyeanguka. Kisha akaniangalia kwa huruma ya kweli.

"Mzee, pole sana."

"Pole ya nini, Afisa?"

"Ya mteja wako. Ametapeliwa. Hizi si kamera tena, hizi ni taka."

Nilicheka kidogo, cheko la adabu. Yeye hakucheka. Alinieleza, taratibu vilevile, kwamba vifaa vya umeme vilivyokwisha matumizi haviruhusiwi kuingia nchini bila kibali maalumu, kwamba sheria ipo ili tusigeuzwe jalala la wengine, na kwamba mzigo wangu ungerudishwa ulikotoka kwa gharama ya mwenyewe au ungeharibiwa. Alikuwa ameshachomoa kalamu.

Mnaona tulipofika? Nassor alikuwa amefaulu kupita kipimo. Nilikuwa nimejiandaa kwa afisa asiyeniamini. Sikujiandaa kwa afisa anayeniamini kabisa.

Nikampigia simu Bi Shamsa. Alifika kutoka Temeke kwa bodaboda, baibui limejaa upepo, akaziona kamera zake kwa mara ya kwanza tangu azilipie.

"Hizi ndizo?" akaninong'oneza.

"Ndizo."

"Nassor mshenzi. Nilimwambia azichafue, kazizika na kuzifukua!"

Nikamgeukia Afisa na kuanza kutetea. "Afisa, ni za zamani, lakini si za zamani kiasi hicho."

"Umeandika miaka minne."

"Inaweza kuwa miwili."

"Miwili?"

"Pengine mwaka. Zilitumika kwa uangalifu."

Aliitazama ile ya mwandishi wa habari. "Kwa uangalifu?"

"Miezi sita, Afisa. Kwa kweli ni kama wiki tatu."

"Mzee," akasema, "zinazidi kuwa changa tukiwa tumesimama hapa."

Wapagazi watatu walikuwa wamesogea, wameegemea mikokoteni yao. Bi Shamsa alinishika kiwiko. "Baba Neema, mwambie ni mpya. Jumamosi zimebaki siku tatu! Kaka zangu washapima chumba kwa futi."

Nilijua la kusema, na nilijua litakachonifanyia. Tamko lile lilikuwa na jina langu na namba ya leseni yangu. Nikinyamaza, kamera zinavunjwa, studio ya baba yake inauza poda, nami narudi Wazo nikiwa wakala mwenye sifa njema. Nilisimama pale, naona haya kuwaambia, muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mwadilifu. Kilichonitoa ni kumbukumbu ya ile stendi, na Kihongosi amevua miwani, akisema, kaa, wewe si umeandika?

"Afisa," nikasema, "tafadhali tafuta modeli hii kwenye simu yako."

Akatafuta. Akasoma. Akanitazama.

"Imetoka mwaka huu."

"Naam. Kwa hiyo haiwezi kuwa na miaka minne."

"Na wewe umeapa kuwa inayo."

"Naam."

"Kwa hiyo unajitetea kwa kuthibitisha kuwa umesema uongo."

"Ndiyo utetezi pekee nilio nao, Afisa."

Ankara halisi ya Dubai, ile ya bei kamili, ilikuwa mfukoni mwa shati langu, imekunjwa mara nne, kwa sababu nilifundishwa kutochana karatasi. Nilimkabidhi. Akataka pia kuona kwa macho yake. Bi Shamsa akanipa ncha ya mtandio wake, nikaanza kuifuta kamera ya tatu, ile yenye moyo wa ujana. Vumbi la Wazo likatoka. Nikaondoa plastiki kwenye lenzi. Kioo kilikuwa safi kama siku kilipotoka kiwandani. Nikaiwasha, ikawaka.

"Ebwana, mzee anafufua!" mpagazi mmoja akasema.

"Mwambie akimaliza apitie friji langu," mwingine akadakia.

Afisa Anastazia ndiye pekee asiyecheka. Aliandika upya kila kitu, bila hasira na bila kuruka mstari. Kamera nne, mpya. Ushuru wa kamera mpya, kodi yake juu yake, na faini ya tamko la uongo juu ya vyote viwili. Aliponipa karatasi nitie saini aliniambia kwa sauti ya chini, "Mzee, ukweli ungekugharimu kidogo kuliko hivi." Leseni yangu ilipofika siku ya kuhuishwa, haikuhuishwa. Huko ndiko kustaafu mnakokuonea husuda.

Bi Shamsa alikopa fedha zote hizo, na kamera zikatoka Ijumaa. Jumamosi Bi Shamsa alifika ukumbini Sinza na watu wake wanne, na shangazi wa bibi harusi akawazuia mlangoni.

"Tuliahidiwa kamera mpya. Hizi mmeziokota kwenye mafuriko?"

Kusafisha tulikuwa tumesafisha, lakini mikwaruzo ya Nassor haifutiki. Bi Shamsa hakubishana. Alitoa stakabadhi ya forodha, aliyokuwa ameiweka ndani ya plastiki ngumu na kuitia kamba, akamwonyesha mstari ulioandikwa "mpya" na muhuri wa serikali kando yake. Shangazi aliisoma mara mbili, akatazama kamera, akaisoma tena, akawapisha, akiwa haamini macho yake wala muhuri. Nadhani hiyo ndiyo harusi pekee ya Sinza ambayo mpiga picha alicheza muziki wa kwaito na risiti ya kodi shingoni. Picha zilipotoka, harusi tatu zilizofuata zililetwa na shangazi yule yule. Kaka zake Bi Shamsa walikwenda kutafuta chumba kingine cha vipodozi.

Jumapili iliyopita mmoja wenu alisimama hapa barazani. Alikunywa maji yake, kisha akaanza. "Mzee, yule mama wa Temeke anatukamua. Kamera imechakaa hivi, anakodisha bei ya mpya. Yule mwizi kabisa."

Nikamwomba aniletee kamera niione. Mkanda wake bado unanukia chai kwa mbali. Nakala ya ile stakabadhi, ndani ya plastiki, ilining'inia kwenye mkanda huo.

"Soma hapo," nikamwambia.

"Mpya," akasoma, akacheka. "Sasa aliyeichakaza hivi ni nani?"

"Umekunywa maji yake sasa hivi."

Nilimweleza yote, kama nilivyowaeleza nyinyi: makadirio, kopo la maziwa, saini. Nikamweleza kuwa Bi Shamsa anapopanga bei ya kukodisha hana budi kurudisha ushuru, na kodi iliyo juu ya ushuru, na faini iliyo juu ya kodi, na kwamba tabaka la mwisho hapo halikuwekwa na serikali wala na yeye. Kijana aliacha kucheka. Akaona haya, nadhani kwa niaba yangu, kisha akafanya kile mnachofanya siku zote: akainua kamera.

"Tulia basi, mzee, nikupige moja."

Nilitulia. Alinionyesha kwenye kioo: mtu wa makamo barazani kwake, kila mkunjo wa uso unaonekana, hapana hata chembe ya vumbi. Nassor aliifunga ile lenzi vizuri.

"Niifute?" akaniuliza.

"Usifute," nikamwambia. "Kampelekee Bi Shamsa, na ukifika umlipe kamili."